Waya wa Cairo, Kinu cha Kindu

Hadithi hii inaanzia Misri na itafika Kindu, kwa hiyo nawaomba subira, watoto wangu. Kama mnaweza kuingoja treni ya Lubumbashi, na hii mtaiweza.

Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado haijaisha, kijana mmoja wa Cairo aitwaye Halim El-Dabh alikwenda kwenye kituo cha redio akaazima mashine ya kunasia sauti. Alikuwa na miaka 23, na chuoni alisomea kilimo. Ndani ya mashine hiyo hamkuwa na kaseti wala kadi ya kumbukumbu. Mlikuwa na waya wa chuma, mwembamba mno, uliozungushwa kwenye kigurudumu. Sauti ikiingia kwenye maikrofoni hugeuka umeme, umeme hugeuka nguvu ya sumaku, na sumaku hiyo hubaki kwenye waya. Ukiurudisha waya mwanzo na kuupitisha tena, sauti inarudi.

El-Dabh hakutaka kunasa waimbaji wa redioni. Alitaka zaar, tambiko la kupunga pepo, lenye ngoma na kuimba kwa muda mrefu. Lilikuwa tambiko la wanawake na wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Yeye na rafiki yake wakajifunika vichwa kama wanawake, wakapenya ndani na mashine yao. Ishikeni vizuri sehemu hii, maana nitaidai baadaye.

Aliporudi studio ndipo kazi ilipoanza. Alizicheza zile sauti kwenye chumba chenye mwangwi, akasogeza kuta zinazohamishika ili mwangwi urefuke au ufupike, akanasa upya kile alichosikia. Kisha akaiondoa sauti ya chini, ile nzito inayotujulisha kwamba huyu ni mtu na anaimba. Zilibaki zile nyembamba za juu, ambazo siku zote zimo ndani ya sauti ya mtu lakini hatuzisikii zikiwa peke yake. Kazi hiyo ikaitwa The Expression of Zaar, na mwaka huohuo ikachezwa mbele ya watu kwenye jumba la sanaa mjini Cairo. El-Dabh hakuwa ameandika noti wala kupiga ala. Muziki wake wote ulitoka kwenye tambiko ambalo lingefanyika hata kama yeye angelala nyumbani usiku ule.

Ndivyo ulivyo muziki ninaotaka kuwaeleza. Mtunzi wake hashiki gitaa wala likembe. Anaokota sauti ambazo tayari zipo, mlango, mvua, hotuba, santuri ya mtu mwingine, kisha anazikata na kuzipanga, kama fundi cherehani aliyeachiwa vipande vya vitenge vya wateja kumi akatoa shuka moja.

Vitabu vingi vya Ulaya huanzia Paris. Vinasema kwamba mwaka 1948 mhandisi wa redio ya Ufaransa, Pierre Schaeffer, alikwenda stesheni ya Batignolles akanasa injini za mvuke, filimbi, na magurudumu yakivuka maungio ya reli. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo redio ikarusha kazi zake, mojawapo ikiwa ile ya treni, Étude aux chemins de fer, isiyofika dakika tatu. Yote hayo ni kweli, na mimi sina ugomvi na Schaeffer. Lakini Cairo ilitangulia kwa miaka minne. Mtoto wa Afrika akiambiwa kwamba kuchezea sauti namna hii ni mambo ya Wazungu, ana la kujibu.

Hata hivyo Schaeffer aligundua mambo mawili ambayo hadi leo kila mtu wa kazi hii anayatumia, na ninyi mnaweza kuyajaribu kesho.

La kwanza lilitokana na santuri. Sahani ya santuri ina mfereji mmoja mrefu unaojizungusha kuelekea katikati, na sindano huufuata. Mfereji ukijifunga wenyewe na kuwa duara, sindano inarudia palepale, palepale, palepale. Schaeffer alisikia kipande cha treni kikijirudia na akagundua kitu cha ajabu kuhusu masikio yetu. Mara ya kwanza unasikia treni. Mara ya tano kichwa kinaanza kutikisika. Mara ya ishirini treni imekwisha kusahaulika na unasikia mdundo tu. Sauti haikubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni msikilizaji.

La pili ni la kengele. Alinasa kengele, akakata ule mwanzo, yaani pale nyundo inapogonga chuma, akabakiza mvumo unaofuata. Aliyesikiliza hakuitambua tena kuwa ni kengele. Ilikuwa kama ala ya kupuliza. Kumbe sikio hutambua kitu kwa mwanzo wake. Jaribuni shuleni. Kengele zetu nyingi ni rimu ya gari au kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Naseni pigo moja, ondoeni nusu sekunde ya kwanza, wachezesheeni wenzenu bila kuwaambia ni nini. Watakutajieni filimbi, kinanda cha kanisani, hata mbu. Rimu haitatajwa na mtu.

Schaeffer alihitaji mashine ya kuchonga santuri, na El-Dabh mashine ya kuazima. Ninyi mna simu, au kaka wa rafiki yenu anayo. Simu hainasi sauti kwa waya. Inaipima mara 44,100 au 48,000 katika kila sekunde na kuandika kila kipimo kuwa namba, kisha inaweka namba hizo kwenye foleni ndefu. Kukata sauti ni kuchagua namba zipi zibaki. Ukiamuru foleni isomwe kwa nusu ya kasi, sekunde moja inakuwa sekunde mbili na sauti inashuka oktava nzima: mtoto anaongea kama mzee, na kijiko kilichogonga sahani kinalia kama kengele ya kanisa. Kwenye kompyuta kuna programu ya bure iitwayo Audacity inayofanya yote haya, na za kwenye simu zipo pia. Betri ijazeni mapema, umeme wa mji wetu mnaujua.

Msidhani haya ni ya wazee waliokufa. Vijana wa Dar es Salaam wamejenga aina nzima ya muziki juu ya hila ya mfereji uliojifunga. Wanachukua kipande kifupi cha taarabu au mchiriku, wanakirudia, wanakiongezea kasi mpaka kifike mapigo 200 kwa dakika na kupita, kisha mtu anaimba juu yake bila kupumua. Ndiyo singeli. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya studio moja ya Dar es Salaam, Sounds of Sisso, na wacheza disko wa Ulaya wakaanza kukimbizana nayo. Sijui kama miguu yangu ingeiweza.

Sasa tumefika Kindu.

Angalieni mji wetu ulivyokaa. Reli ya kwanza, ile ya kwenda Kongolo, kilomita 355, ilijengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu mto kati ya miji hiyo miwili una maporomoko yasiyopitika kwa meli. Kutoka Kindu kuteremka hadi Ubundu mto huo, Lualaba, unapitika. Kwa hiyo hapa ndipo treni inapokabidhi mzigo kwa boti, na boti inapokabidhi kwa treni, na kila makabidhiano yana kelele zake. Mabehewa yanagongana. Wapagazi wanahesabu magunia ya mchele kwa sauti. Bidoni la mawese likiwa limejaa hutoa sauti moja likitua chini, na likiwa tupu hutoa nyingine kabisa. Mitumbwi inavuka kwenda Alunguli, kasia linagusa ubavu wa mtumbwi kila linaporudi nyuma. Mwadhini anaadhini, kengele ya kanisa inapigwa, na dirishani Radio Okapi inasoma habari huku simu ya jirani ikipiga sebene.

Kosa la anayeanza ni uroho. Anatembea na simu kutwa nzima, ananasa kila kitu, jioni anavirundika vyote pamoja na anachopata ni makelele ya soko, ambayo angeyasikia sokoni bila kuhangaika. Chukueni kitu kimoja. Ningekuwa ninyi, ningechukua kinu cha sombe.

Kwanza msiiguse simu. Msikilizeni mama anayetwanga. Majani yakiwa bado mabichi na mazima, mchi unashuka na unasikia mti ukigonga mti, pigo fupi na kavu. Baada ya muda majani yanalainika na kutoa maji, na pigo linakuwa zito. Mchi ukiinuliwa kuna sauti ndogo ya kunyonya, ambayo mtu akiwa mbali kidogo haisikii kabisa. Kisha kuna sauti ya tatu. Mara kwa mara mama anagonga mchi kwenye ukingo wa kinu ili kuangusha majani yaliyoganda: ko, ko. Hapigi kwa mpangilio wa mapigo yale mengine, anagonga anapotaka. Kwangu mimi hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana ndiyo pekee ambayo hamuwezi kuikisia itakuja lini. Na wakitwanga wawili kwenye kinu kimoja, wakipokezana, mnapata mdundo ulio tayari, mmoja anajaza pale mwenzake alipoacha.

Wekeni simu karibu, kwenye kigoda, si chini, maana ardhi inatetemeka na kuchafua sauti. Naseni dakika tatu. Nyumbani mchague sekunde nane za mapigo makavu mzizungushe zijirudie. Pigo moja zito la majani yaliyolainika lipunguzeni kasi kwa nusu, litakuwa ngoma kubwa kuliko yoyote mliyowahi kuiona. Liwekeni mara moja tu katika kila mzunguko. Ile ko ikateni mwanzo, kama kengele ya Schaeffer, muone inageuka nini. Ile sauti ya kunyonya ikuzeni iwe kubwa kuliko zote, kisha iacheni isikike mara moja katika wimbo mzima. Mkimaliza mpelekeeni mama aliyetwanga. Akicheka, mmefaulu. Akiuliza hii ni nini, mmefaulu zaidi.

Wakubwa wa mto huu wangewaelewa haraka. Mtakuwa mmesikia habari za ngoma ya gogo isiyo na ngozi, iliyochongwa mwanya mrefu mgongoni, ambayo ilikuwa ikitumika kupeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi kwa Walokele karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha 1949 jinsi inavyosema. Ngoma ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Neno moja fupi likipigwa kwa sauti mbili linafanana na maneno mengine mengi, na msikilizaji hawezi kujua ni lipi. Kwa hiyo mpigaji hakupiga neno peke yake. Alilipigia fungu zima la maneno yanayojulikana, refu kiasi cha kutochanganywa na jingine. Mwezi, kwa mfano, ulitajwa pamoja na maelezo kwamba unaitazama dunia kutoka juu. Habari ya msiba au ya mkutano ilikuwa mafungu ya zamani, ambayo kila mtu ameyasikia tangu utotoni, yaliyopangwa upya kwa ajili ya siku hiyo.

Niliwaambia nitadai. Nadai sasa.

Wale wanawake wa Cairo hawakuulizwa. Tunalijua jina la El-Dabh, tunajua alizaliwa mwaka 1921 na akafariki Marekani mwaka 2017, tunajua hata kwamba katika miaka ya 1960 alifundisha Addis Ababa na kuanzisha huko okestra ya ala za Kihabeshi. Waliokuwa wakiimba usiku ule hatuwajui hata mmoja. Napenda sana kazi ile, na jambo hili linanikera kila ninapoisikiliza. Yote mawili yanakaa ndani yangu na sijaona haja ya kulifukuza moja.

Na si Cairo peke yake. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya anga, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja kimebeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu kwa ajili ya viumbe wowote watakaokutana nayo. Ndani mna salamu katika lugha 55, na mna kazi ya dakika kumi na mbili hivi iliyoungwa kwa sauti za dunia: ngurumo, vyura, fisi, tembo, moyo unaodunda, treni, busu. Ndiyo, muziki wa kuokota uliosafiri mbali kuliko wote. Katika sahani hiyohiyo kuna nyimbo na muziki wa mataifa, vipande 27, na kimoja kinatoka msitu wa Ituri, kaskazini yetu: wasichana Wambuti wakiimba wimbo wa unyago, chini ya dakika moja. Orodha inamtaja aliyewarekodi, Colin Turnbull. Haimtaji msichana yeyote. Mwaka 2012 Voyager 1 ilivuka mpaka wa upepo wa Jua, na wasichana wamo ndani yake, wanaimba bila majina.

Kuna pia Tervuren, karibu na Brussels, kwenye jumba la makumbusho la Afrika ya Kati. Miaka ya 1911 na 1912 Mbelgiji Armand Hutereau alipita eneo la Uele, kaskazini mwa nchi yetu, na mashine iliyochora sauti kwenye mitungi midogo ya nta. Mitungi hiyo ilisafirishwa Ubelgiji, na baada yake zikafuata kanda na kanda, saa elfu kadhaa za sauti za Wakongo na majirani zao. Kwa miaka mingi mjukuu wa aliyeimba Uele angehitaji viza ili kumsikia babu yake.

Hapo ndipo anapoingia kijana mwingine, huyu wa kwetu Afrika Mashariki. Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU, alizaliwa Nairobi mwaka 1997. Ana jina la babu yake, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu hatungi nyimbo za kuimbwa. Anazunguka na kinasa sauti, anakusanya mvumo wa miji na wa nyaya za umeme, anaurefusha na kuupanga polepole. Albamu yake Peel, ya mwaka 2020, ilimtambulisha duniani. Kisha mwaka 2022 akatoa Temporary Stored, na sauti alizookota safari hii zilitoka kwenye hifadhi ya Tervuren. Msitegemee kucheza. Ni muziki mzito wa kuvuma, na sauti za kale zinachomoza ndani yake na kuzama tena. Mimi naona alichagua vizuri kutozifanya zipendeze: angezitia mdundo wa disko zingeuzika, na hakuna ambaye angejiuliza zilifikaje Ubelgiji.

Maana kuuzika kuna hadithi zake pia. Mwaka 1969 kundi la Kimarekani The Winstons lilirekodi wimbo uitwao Amen, Brother. Katikati yake wengine wote wananyamaza na mpiga ngoma, Gregory Coleman, anapiga peke yake kwa sekunde sita hivi. Miaka ya 1980 wanamuziki wa rapu walizikata sekunde hizo, wakazirudia. Baadaye Waingereza wakaziongezea kasi. Leo zimo katika maelfu ya nyimbo na bila shaka mmeshazisikia kwenye tangazo fulani. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi, bila kulipwa chochote kwa sekunde zile.

Kwa hiyo mkienda kwa mwenye kinu, salimieni kwanza, kisha semeni wazi: "Jambo mama. Tunaomba kunasa sauti ya kinu chako, tunataka kuitengenezea muziki." Akiuliza kama mtamlipa, hilo ni swali halali, na lijibiwe kabla ya kubonyeza kitufe. Pengine atataka mmalizie kutwanga. Akikataa, mto upo, reli ipo, rimu ya shule ipo.

Na mkishanasa, simu itaipa sauti hiyo jina lake yenyewe, Audio 0047 au kitu cha namna hiyo. Lifuteni palepale. Andikeni kinu, sombe, jina la mama kama amekubali litajwe, mtaa, tarehe na saa. Kama mvua ilikuwa inapiga bati, iandikeni pia, kwa sababu mtakapopunguza kasi itageuka sauti nyingine kabisa, na mtabaki mnaulizana ilitoka wapi.